Damu ya Mama Mkwe Kwenye Friji

Kama uko kwenye benchi la kliniki ya upasuaji, na daktari amekwambia urudi mwezi ujao kwa sababu bado hujawa tayari, basi wewe ndiye ninayekuandikia. Najua unavyomwona huyo daktari. Unamwona mwoga, au unadhani visu vyake vimeibiwa. Mimi nilifikiri yote mawili. Nilidhani kazi ya daktari wa upasuaji ni kupasua, kama kazi ya kinyozi ilivyo kunyoa. Sasa nimepasuliwa, nimepona, shingo yangu ni nyembamba kama ya bata, na nimejua kwamba kupasua kulikuwa sehemu fupi kuliko zote.

Jina langu Kizito, mtu wa Masaka. Amani ya Sudan iliposainiwa, nusu ya Uganda ilipanda malori kuja Juba, na nusu iliyobaki ilikuwa bado inauliza nauli. Nikafungua saluni ya kunyoa pale Kator, jirani na kanisa kuu, na jioni nikasoma shule ya watu wazima mpaka nikahitimu. Kwa hiyo unayemsoma hapa si kinyozi mtupu. Ni kinyozi mwenye cheti.

Kioo cha saluni yangu ni kikubwa kama mlango wa ghala, na ndicho kilichonisema kwanza. Kila asubuhi nikifungua, nilikuta shingo yangu imenitangulia ndani. Uvimbe ulianza kama ndimu, ukawa chungwa, halafu ukaacha mambo ya matunda ukawa kitu chenye heshima yake. Nilivaa skafu katika joto la Juba, joto linaloweza kupika ugali ukiwa bado unga. Nilikula chakula cha familia nzima na bado suruali ikaniteremka. Macho yakatoka nje kama yanataka kuona nani yuko nyuma ya sikio. Moyo ulidunda hata nikiwa nimelala, mke wangu Namuli akauliza kama kuna mtu anagonga mlango.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Karani mmoja wa wizara alikuja kunyolewa kwa ajili ya harusi, nikamchorea mstari wa mbele unaopinda kama Nile kwenye ramani. Alijitazama kiooni, akaomba radhi kwa upole mkubwa, "Malesh, Kizito, pengine ni mimi niliyetikisika." Hakurudi tena.

Hapo ndipo familia ilipopata jina la ugonjwa wangu, na halikuwa jina la hospitali.

Kwetu Buganda mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Hawatazamani usoni, hawalali nyumba moja, na wakitaka kuongea huongea kupitia mtu mwingine, hata kama wote watatu wako chumba kimoja. Anayevunja mwiko huo hutetemeka mwili. Ugonjwa huo tunauita obuko. Sasa, mama yake Namuli naye alikuwa Juba. Anauza ndizi za kupika pale Konyo Konyo, na soko zima linamwita Mama Matoke. Miezi michache kabla ya shingo yangu kuanza ukorofi, tulisafiri kwa lori moja kutoka mpakani Nimule. Yeye alikaa mbele na dereva, mimi juu ya mikungu, kila mtu na heshima yake. Mvua ikanyesha mvua ya Nuhu. Dereva akanilazimisha niingie mbele kabla sijachukuliwa na maji. Nikajibana dirishani, nikafunga macho kama mtawa. Lori likaingia kwenye shimo ambalo ng'ombe angeweza kupotelea, na Mama Matoke, mwanamke mwenye mwili wake, akatua mapajani pangu.



Kwa hiyo mikono ilipoanza kutetemeka, kesi ilikuwa imekwisha kabla ya kusikilizwa. Mjomba wa Namuli, mkubwa wa ukoo wao, alipiga simu kutoka Masaka akiwa na hasira kiasi kwamba hata bila simu tungemsikia. "Mrudisheni nyumbani! Wapatanishwe, mkosi upoe! Hospitali itafanya nini na obuko?" Mama Matoke akaamini ameniua. Aliacha hata kupita barabara ya saluni yangu. Namuli alibaki katikati, asubuhi analia kwa ajili ya mume, jioni kwa ajili ya mama.

Kilichonipeleka hospitalini ni pumzi. Nikilala chali, koo lilipiga mluzi na hewa ikagoma kuingia. Nikawa nalala nimekaa, nimeegemea ukuta.

Daktari Wani, mpasuaji, ni mtu wa kabila la Bari, mrefu, mwenye vidole vya mpiga kinanda. Alisimama nyuma yangu, akanishika shingo taratibu, akaniambia nimeze maji. Akasikiliza moyo. Akasikiliza tena, kama mtu asiyeamini habari za redio.

"Hili ni rovu, tezi ya shingo imevimba," akasema. "Limesukuma koo lako, na litazidi kulibana. Nitalitoa. Lakini si leo."

"Daktari, nimekuja na blanketi."

"Kwes, vizuri, utarudi nalo. Moyo wako unakimbia. Nikikulaza mezani hivi, tezi hii itamwaga sumu yake yote kwenye damu, na utanifia mikononi kabla sijashona. Kwanza tutatuliza moyo. Ukishatulia, ndipo nichukue kisu."

Namuli akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo si obuko? Si mama?"

Daktari hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu hadi kaburini. "Dada yangu," akasema, "hata kwetu mtu hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Mimi mwenyewe sili. Lakini tezi hii ingevimba hata kama mume wako angemuoa yatima. Kutetemeka kunatoka humu." Akagusa shingo yangu.

Basi tukaanza kungoja. Nilipewa vidonge vya kuituliza tezi na vingine vya kuushika moyo hatamu. Kiangazi kilitukuta kwenye benchi la kliniki, vumbi linaingia hadi kwenye meno. Mvua za kwanza zikatukuta hapo hapo, benchi lile lile, matope yamefika kwenye vifundo. Kila nikienda, nesi alinishika mkono akitazama saa yake, akatikisa kichwa. Nikarudi nyumbani. Nilimchukia nesi yule kama mtu anavyochukia mzani. Lakini mwili ulianza kunirudia polepole. Suruali ikashika kiuno. Usiku mmoja nililala bila kusikia moyo wangu, nikaamka kwa hofu nikadhani umesimama.

Aliyenishangaza kuliko wote ni mtu wa dawa ya usingizi, Mkenya mmoja aitwaye Chebet, mfupi, mwenye maswali mengi kuliko afisa uhamiaji wa mpakani.

"Fungua mdomo. Fungua zaidi, usinionee haya. Inua kidevu. Wee! Hii jino inacheza."

"Madam, mimi nimekuja kwa ajili ya shingo."

"Na mimi nitapitisha mpira hapo kwa koo yako ukiwa umelala. Hii jino ikianguka kwa mapafu, nani ataiokota? Wewe?"

Jino likang'olewa. Nimekuja na ugonjwa wa shingo, naondoka bila jino! Akauliza kama navuta sigara. Nikasema kidogo. Namuli akasema, "Kidogo kama lori la Nimule." Sigara ikapigwa marufuku, na Chebet akanifundisha kupumua, kuvuta hewa mpaka chini ya mbavu na kukohoa kwa nguvu, nifanye kila siku nyumbani. Wateja wakanikuta nakohoa mbele ya kioo kwa bidii ya kwaya. Akanilaza chali, akatazama naweza kuvumilia kiasi gani kabla mluzi haujaanza, akamwambia msaidizi wake atafute mpira mwembamba zaidi na mwingine mwembamba kuliko huo. Akaleta daktari wa masikio aliyepasha moto kioo kidogo chenye mpini, akakiingiza kinywani na kuniambia niseme "iii". Walitaka kujua kama nyuzi za sauti yangu zinacheza sawa, ili baadaye wasije wakaulizwa.

"Kwani mnatazamia kuharibu sauti?" nikauliza.

"Tunatazamia kila kitu," akasema Chebet. "Ndiyo maana hakitokei."

Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Mimi nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, kisu. Hawa watu walikuwa wamekaa chini wakaogopa kwa niaba yangu mambo ambayo sikujua yapo, moja baada ya jingine, na kila moja wamelitafutia dawa. Sijawahi kuogopewa vizuri namna ile maishani.

Siku nesi aliponishika mkono na kutabasamu, nilitaka kumnyoa bure maisha yake yote. Moyo ulikuwa umetulia. Daktari Wani akanipa matone ya kahawia, ya kutia kwenye maji, yanayokausha tezi isivuje sana ikikatwa. Kisha akasema sharti la mwisho.

"Nataka mifuko miwili ya damu kwenye friji kabla sijagusa kisu. Hospitali haina akiba ya kutegemea. Lete watu wako. Na fanya haraka. Haya matone hayangoji. Tukichelewa, tezi itaamka na hasira mpya, turudi mwanzo."

Mwanzo! Na koo langu lilikuwa limebaki na upenyo wa mrija wa soda.

Damu yangu ni kundi O, na mtu wa O hapokei ila ya O. Mdogo wangu Kato, anayebeba mizigo uwanja wa ndege, alikuja akijipiga kifua kwamba atatoa hata mifuko mitatu. Alianguka alipoona pamba. Sindano yenyewe ilikuwa bado kwenye karatasi. Binamu alipimwa, akawa kundi jingine. Rafiki wa kwaya akakutwa na homa ya ini, akapewa kitanda badala ya kuchangia. Taban, tuliyesoma naye shule ya jioni, kijana wa hapa aliyekulia ukimbizini Arua, ndiye aliyekuwa O. Alitoa, akanywa soda, akasema, "Sasa ukifeli tena hesabu, usiseme ni akili yangu." Mfuko mmoja ukaingia kwenye friji. Wa pili haukuwa na mwenyewe. Tulipiga simu mpaka majina yakaisha. Siku zikapita, matone yakapungua kwenye chupa.

Alasiri moja nilikuwa nimekaa ndani ya maabara na Namuli, tumenyamaza, nikasikia sauti nje ya mlango. Ilikuwa Konyo Konyo nzima kwenye koo moja.

"Namuli! Muulize mume wako damu yake ni ya kundi gani."

Nikageukia ukutani mbio. Mama Matoke hakuingia. Niliona ncha ya gauni lake la gomesi tu kwenye kizingiti.

"Ni O, mama."

"Mwambie hata mimi ni O. Nilipimwa siku nilipokuzaa wewe."

Mtu wa maabara akaacha kuandika. Nikasema, "Namuli, mwambie mama namshukuru sana. Lakini mwambie, kumgusa kidogo tu kwenye lori nimetetemeka mwaka mzima. Damu yake ikiingia, si nitapaa?"

"Namuli, mwambie mume wako hivi. Kama ni mimi niliyemgusa akaugua, basi nina deni la kumponya. Na kama si mimi, kama daktari anavyosema, anaogopa nini?"

Nimesoma hesabu za jioni, nimesoma na mantiki kidogo. Nikasogeza kiti changu kumpisha, uso bado ukutani. 

"Yalla, mama, ingia," akasema mtu wa maabara. "Huyu geuka ukuta, huyu funika uso, lakini damu tutoe."

Akapimwa, akaonekana mzima. Aliingia na kitenge kimefunika kichwa chote kama mwari, Namuli amemshika mkono. Alilala kitandani, mimi nimetazama ukuta wenye rangi ya kijani iliyobanduka, na katikati yetu damu ikawa inatiririka kimya kwenda kwenye mfuko wenye jina langu. Sikuiona. Lakini nywele za mikono yangu zilisimama zote, na kinyozi anajua nywele hazisimami bure.

Jioni hiyo mjomba akapiga simu. "Damu ya mama mkwe ndani ya mkwe! Mnajua maana yake? Atakuwa mwanawe! Na wewe Namuli utakuwa dada yake! Utakaaje nyumba moja na kaka yako?"

Namuli alikuwa amechoka na sisi sote. "Mjomba," akasema, "afadhali niwe dada wa mtu aliye hai." Akazima simu.

Siku ya upasuaji sikula wala kunywa. Namuli alinilinda kama mfungwa, maana anajua mikono yangu na sufuria. Nikaoga kwa sabuni waliyonipa, nikavua pete. Watu watatu tofauti wakaniuliza jina langu na ninafanyiwa nini. Nikamwambia Chebet, "Jamani, mmesahau?"

"Hatujasahau. Kosa linapenda watu wenye uhakika. Wewe ni nani?"

"Kizito. Shingo."

Ndani ya chumba cha upasuaji kulikuwa na baridi ya kanisa. Taa, mipira minene na myembamba imepangwa kwenye kitambaa, jenereta moja inanguruma na fundi amesimama karibu na ya pili. Vitu vyote vile vilikuwa vinangoja balaa lisiloalikwa. Daktari Wani akainamisha kichwa akaomba kwa Kibari, sikuelewa neno ila jina langu. Nikalala.

Nilipoamka, jambo la kwanza nililosikia ni hewa. Iliingia yenyewe bila kubisha. Chebet akainama. "Sema kitu."

"Kitu," nikasema, kwa sauti ya chura mwenye mafua. Akapiga makofi.

Mengine nilisimuliwa na Namuli. Yeye na mama yake wakiwa bado kwenye benchi nje, Daktari Wani alitoka, akasema nimevuja damu kidogo tu (mimi nasema kidogo kuliko mtu aliyekatwa na wembe) na hakuna mfuko hata mmoja uliofunguliwa. Namuli akapiga magoti. Mara nesi akaja anakimbia kutoka wodi ya wazazi. Kuna mwanamke amejifungua, damu haikatiki, hana ndugu wa kutoa. Damu ya O inamfaa. Je, wanaruhusu?

Namuli akamtazama mama yake.  "Chukueni," akasema Mama Matoke. "Chukueni yote." Nesi alipoondoka, alifunika uso kwa kitenge akalia. Namuli akadhani ni furaha, maana mwiko sasa haukuvunjwa, mjomba atatulia, kila mtu amebaki mahali pake.

"Hapana," Mama Matoke akasema. "Nilitaka iingie kwake."

Mwanamke yule akapona.

Nilikaa wodini mpaka mpira mdogo wa kutoa majimaji shingoni ukatolewa. Wewe uliye kwenye benchi, nakuambia niliyoyaona. Uliza unaandaliwa kwa nini, kisha kubali kuandaliwa. Ng'olewa jino. Tafuta watu wa damu mapema, wapimwe kabla hujawahitaji, na usimruke mtu kwa sababu ya kiti anachokalia katika ukoo. Mimi nilidhani vitu visivyotumika vimepotea bure. Mipira ile minene, jenereta ya pili, ile mifuko. Sasa nikivikumbuka, mwili unanisisimka.

Siku ya kuruhusiwa nilikaa kwenye baraza nikisubiri Namuli alete boda. Nikasikia hatua nzito nilizozijua. Nikaanza kujigeuza ukutani, shingo bado ina nyuzi za mshono, nikachelewa. Mama Matoke alikuwa amesimama mbele yangu, mbele kabisa, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Sikuuona uso wake. Alikuwa ameinua kichanga kilichofungwa shuka la hospitali, amekiweka kati ya uso wake na wangu. Nyuma yake, kwenye mlango wa wodi ya wazazi, mama yake mtoto aliegemea nguzo akitazama, amechoka, anacheka.

Namuli hakuwepo wa kutumwa.

"Mtoto," Mama Matoke akasema, "mwambie mkwe wangu chakula nilichomwekea kwenye friji kimeliwa na mama yako. Mwambie asikasirike."

Nikakohoa, kama Chebet alivyonifundisha, nikapata sauti.

"Mtoto," nikasema, "mwambie mama nimeshiba."

Mtoto alitutazama sisi sote kwa jicho moja lililofunguka nusu, akapiga mwayo mkubwa, akalala. Mama Matoke hakumshusha. Alisimama pale, mikono imeinuliwa, kwa muda mrefu.